Bei ya ndoano ihesabiwe mwaloni, si dukani

Katika mialo mingi ya Ziwa Victoria, kuanzia Ukerewe na Sengerema hadi Musoma na Bukoba, mvuvi wa sangara anapokwenda dukani kununua ndoano za kubadilisha kwenye migonzo yake huuliza swali moja tu: shilingi ngapi? Muuzaji naye, kwa kuwa anajua ndivyo atakavyoulizwa, huweka mbele ndoano ya bei ya chini kuliko zote. Biashara hufanyika haraka na kila mmoja huondoka ameridhika. Hasara huja baadaye, usiku, katikati ya maji, mahali ambapo hakuna risiti.

Ndoano ni kifaa kidogo kuliko vyote chomboni. Mtumbwi, mashine, petroli, barafu na posho ya wavuvi hugharimu fedha nyingi, lakini vyote hivyo mwishowe hutegemea kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole. Chuma hicho kikinyooka, kikikatika au kikikosa kushika, safari nzima imekwenda bure. Kwa hiyo uchaguzi wa ndoano ya kubadilisha ni uamuzi wa kiuchumi kama ulivyo uchaguzi wa mbegu kwa mkulima. Unagusa mfuko wa mvuvi msimu huu, na unagusa ziwa lenyewe misimu ijayo.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana katika tarakimu. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, ambalo Tanzania inamiliki asilimia 51, Uganda asilimia 43 na Kenya asilimia 6. Tangu mwaka 2000 nchi hizo tatu, kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao yake Jinja, Uganda, zimekuwa zikihesabu vyombo na zana za uvuvi. Hesabu hizo zilionyesha kuwa ndoano za migonzo ziliongezeka takriban mara tatu kati ya mwaka 2000 na 2008, zikavuka milioni 10. Nyavu zilipoanza kuleta sangara wachache, na wizi wa nyavu ulipozidi, wengi walihamia kwenye ndoano. Zana yenye idadi hiyo si jambo la mvuvi mmoja mmoja tena. Ni soko kubwa, na kila soko kubwa huvutia bidhaa nzuri na mbovu kwa pamoja.

Namba inayowachanganya wanunuzi

Kosa la kwanza la mnunuzi hutokana na namba. Ndoano huhesabiwa kinyume na viatu. Namba inavyopanda ndivyo ndoano inavyokuwa ndogo: namba 12 ni ndogo kuliko namba 9, na namba 9 ni ndogo kuliko namba 6. Hesabu hiyo hushuka hadi namba 1, kisha hugeuka. Kuanzia hapo huandikwa 1/0, 2/0, 3/0 na kuendelea, na sasa namba inavyopanda ndoano huwa kubwa zaidi. Mvuvi aliyezoea kusema "nipe kubwa kidogo" na muuzaji aliyezoea kusoma namba tu wanaweza wasielewane kabisa.

Tatizo la pili ni kwamba namba hizo hazifanani kwa watengenezaji wote. Namba 8 ya kiwanda kimoja inaweza kuwa na uwazi mpana au waya mnene kuliko namba 8 ya kiwanda kingine. Mvuvi anayebadilisha ndoano chache zilizoharibika kwenye mgonzo wenye ndoano mia kadhaa akitumia za kiwanda kingine anaweza kujikuta ana mgonzo wenye saizi mbili bila kujua. Dawa ni rahisi: achukue ndoano moja ya zamani aliyoridhika nayo, aende nayo dukani, ailaze juu ya mpya. Alinganishe uwazi ulio kati ya ncha na mguu, alinganishe unene wa waya, ndipo atazame namba.

Saizi ndiyo inayoamua ni samaki gani atakayepanda chomboni. Kanuni za Uvuvi za Tanzania za mwaka 2009 ziliweka sentimita 50 kuwa urefu wa chini wa sangara anayeruhusiwa kuvuliwa. Ndoano ndogo yenye chambo kidogo humezwa na sangara wa urefu wowote, na wadogo ndio wengi. Ndoano kubwa yenye chambo kikubwa humwacha mtoto apite. Kabla ya kununua katoni nzima, ni busara kumuuliza ofisa uvuvi wa wilaya au viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, ni namba zipi zinazokubalika katika eneo hilo, kwa sababu zana iliyokamatwa haina marejesho.

Wapo wanaosema ndoano ndogo ina faida kwa kuwa hairudi tupu. Hesabu ya uzito inakataa. Uzito wa samaki huongezeka kwa kasi kubwa kuliko urefu wake: sangara wa sentimita 60 ana uzito wa karibu mara nane ya yule wa sentimita 30, si mara mbili kama macho yanavyodanganya. Anayevua wanane wadogo leo amepata kilo zilezile ambazo samaki mmoja angempa akiachwa akue, na ameondoa ziwani samaki wanane badala ya mmoja. Zaidi ya hapo, sangara mchanga hapokelewi na kiwanda cha minofu kinachofuata kanuni. Huuzwa kwa bei ya kutupa, kwa kificho. Bondo lake nalo ni dogo, wakati wanunuzi wa mabondo hulipa zaidi kwa makubwa. Ndoano ndogo inajaza ndoo bila kujaza mfuko.

Chuma, ncha na tundu

Baada ya saizi, yapo mambo matatu ya kukagua, na yote yanawezekana pale pale kaunta bila chombo cha maabara.

La kwanza ni chuma. Ndoano nzuri imetengenezwa kwa chuma kigumu kilichochomwa na kupozwa kwa kipimo. Ikiwa laini mno hunyooka sangara mkubwa anapovuta. Ikiwa kavu mno hukatika bila kutoa dalili. Jaribio lake ni kuchukua ndoano moja katika pakiti, kuining'iniza kwenye msumari imara na kuvuta mguu wake kwa koleo. Ndoano nzuri hufunguka kidogo kisha hurudi mahali pake. Mbovu hubaki imefunguka kama kwato, au huvunjika. Kupoteza ndoano moja dukani ni nafuu kuliko kupoteza pakiti nzima ziwani. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ameshatoa jibu.

La pili ni ncha. Ndoano kali ikiburutwa taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba hukwama, butu huteleza. Mgonzo hauna mtu wa kuukwanyua samaki anapouma, hivyo ncha ndiyo inayofanya kazi yote. Mwiba mdogo ulio nyuma ya ncha nao utazamwe. Ukiwa mkubwa kupita kiasi huzuia ndoano kuzama katika ufizi mgumu wa sangara, na ukiwa umekatwa vibaya huwa ndipo ndoano inapovunjikia. Ncha iliyopoteza ukali yaweza kunolewa kwa tupa ndogo, lakini mvuvi ajue kuwa tupa huondoa na rangi inayokinga kutu. Ndoano iliyonolewa mara mbili tatu imekaribia mwisho wake.

La tatu ni tundu. Tundu ambalo waya wake haukufungwa vizuri huacha mwanya ambao uzi wa nailoni hupenya au hukatwa polepole. Ndoano ikiwa imara namna gani, tundu lenye makali huifanya kuwa kisu cha kukata uzi wake yenyewe. Kidole kikipitishwa kwenye tundu hugundua kasoro hiyo mara moja.

Kuhusu kutu, wauzaji wengine husifu ndoano za chuma kisichoshika kutu na kuzipandishia bei maradufu. Kwa mvuvi wa baharini sifa hiyo ina uzito, kwa kuwa chumvi hula chuma haraka. Ziwa Victoria ni maji baridi, yasiyo na chumvi. Ndoano ya chuma cha kawaida iliyopakwa bati au zinki vizuri inatosha, mradi ikaushwe na isifungiwe kwenye ndoo yenye maji. Isitoshe, ndoano isiyoshika kutu ikibaki mdomoni mwa samaki aliyekata uzi hukaa humo muda mrefu zaidi. Fedha inayozidi ni afadhali iende kwenye ugumu wa chuma na ukali wa ncha kuliko kwenye mng'ao.

Umbo nalo lina faida yake

Ndoano iliyozoeleka ina umbo la herufi J. Ipo nyingine, ya mviringo, ambayo ncha yake imegeukia ndani kuelekea kwenye mguu. Mvuvi anayeiona kwa mara ya kwanza hucheka na kuuliza itamshika nani. Inashika. Samaki akimeza chambo na kugeuka aondoke, ndoano huteleza hadi kwenye pembe ya mdomo na kujifunga hapo bila kukwanyuliwa. Ndiyo maana inafaa kwa zana inayotegwa jioni na kuteguliwa asubuhi.

Ushahidi upo. Wavuvi wa samaki aina ya halibut katika Pasifiki ya Kaskazini, Marekani na Kanada, walihamia kwenye ndoano za mviringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya kuona zinaleta samaki wengi kuliko za zamani kwa idadi ileile ya ndoano na chambo. Mwaka 2004 Marekani iliziagiza kwa mashua zake za kamba ndefu katika Bahari ya Atlantiki, kwa sababu nyingine: zinapunguza madhara kwa kasa.

Kwa mvuvi wa sangara faida kubwa iko kwenye ubora. Samaki aliyeshikwa pembeni mwa mdomo huishi muda mrefu kuliko aliyemeza ndoano hadi tumboni. Maji ya ziwa ni ya uvuguvugu, na samaki aliyekufa saa nyingi kabla ya kuteguliwa huanza kulegea kabla ya kuona barafu. Wakala wa kiwanda humpunguzia bei au humkataa kabisa. Hata hivyo, ndoano ya mviringo ina sharti: chambo kisizibe uwazi wake. Kikijaza nafasi kati ya ncha na mguu, haina uwezo wa kugeuka wala kushika.

Kiungo kisisahauliwe

Wapo wanaonunua ndoano imara kisha wakaifunga kwa uzi uliochakaa. Fundo hupunguza nguvu ya nailoni, na fundo lililokazwa likiwa kavu hupunguza zaidi. Lilowekwe maji kabla ya kukazwa. Sehemu ya uzi iliyo karibu na tundu ndiyo inayosuguliwa na meno na ufizi, kwa hiyo ndoano ikibadilishwa, kipande hicho kikatwe na kufungwa upya. Wanaovua kwa chambo bandia chenye ndoano za ncha tatu wana kiungo kingine: pete ya waya uliozungushwa mara mbili. Pete nyembamba hufunguka kabla ndoano haijanyooka, na samaki huondoka na ndoano yote. Kanuni ni ileile: ndoano, pete, fundo na uzi viwe na nguvu zinazolingana. Fedha iliyoongezwa kwenye kimoja na kusahaulika kwenye kingine imetupwa majini.

Hesabu iwekwe wazi

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tuchukue mfano wa mvuvi mwenye ndoano 500. Tuseme ndoano ya bei ya chini ni shilingi 100 na hudumu miezi miwili, na iliyo imara ni shilingi 200 na hudumu miezi minne. Kwa miezi minne, wa kwanza atanunua mara mbili kwa jumla ya shilingi 100,000. Wa pili atanunua mara moja, shilingi 100,000. Kabla hata samaki hajatajwa, bei zimelingana, na wa kwanza amepoteza siku za kufunga ndoano 500 kwa mara ya pili.

Sasa samaki atajwe. Tuseme ndoano zilizonyooka zinampotezea mvuvi sangara mmoja tu wa kilo tano kila wiki, na kilo ni shilingi 6,000. Hiyo ni shilingi 30,000 kwa wiki. Kwa wiki 16 ni shilingi 480,000, karibu mara tano ya gharama ya ndoano zote. Tarakimu hizi ni za mfano. Kila mvuvi aweke za mwalo wake. Lakini ni vigumu kupata tarakimu za kweli zitakazogeuza matokeo, kwa sababu ndoano ni sehemu ndogo mno ya gharama za safari na samaki anayepotea ni sehemu kubwa ya mapato.

Kinachowazuia wengi si kutojua bali mtaji. Shilingi 100,000 kwa mkupuo si sawa na 50,000 leo na 50,000 baadaye, hasa kwa mvuvi anayekopeshwa zana na wakala na kulipa kwa samaki. Hapo zipo njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha kwa mafungu: robo ya mgonzo kila mwezi, kwa kuanza na ndoano zilizowahi kunyooka. Ndoano iliyonyooka ikakunjwa tena kwa koleo hairudishi nguvu yake ya mwanzo. Ya pili ni kununua kwa pamoja. Wavuvi kumi katika BMU au chama cha kuweka na kukopa wakinunua katoni moja kwa bei ya jumla, tofauti ya bei inapungua, na wanapata sauti ya kumwambia muuzaji wanataka ndoano ya aina gani.

Asiyeamini ajaribu mwenyewe. Katika mgonzo mmoja aweke fungu la ndoano za zamani, fungu la mpya, kisha la zamani tena, ziwe na idadi sawa na chambo sawa. Kwa siku kumi aandike samaki waliopatikana, urefu wao, waliokutwa hai, na ndoano zilizoharibika. Daftari la shule linatosha. Mwisho wa siku hizo hatahitaji kushauriwa na mtu.

Wafugaji wa samaki nao wamo

Jambo hili linawahusu pia wakulima. Migonzo ya sangara hutumia chambo hai, na vifaranga vya kambale vinavyofugwa kwenye mabwawa vimekuwa biashara kwa ajili hiyo katika nchi zote tatu. Kambale ni mvumilivu. Huishi kwenye ndoano muda mrefu, na kuishi kwake ndiko kunakomwita sangara. Ndoano yenye waya mnene kupita kiasi humwua haraka, na kifaranga kidogo mno humwalika sangara mchanga. Mfugaji anayejua saizi za ndoano za wateja wake hupanga vifaranga kwa ukubwa na kuuza kila kundi kwa bei yake. Mfugaji asiyejua huuza mchanganyiko kwa bei ya mchanganyiko.

Wajibu wa duka na wa serikali

Muuza zana asijione yuko nje ya mjadala huu. Ndoano nyingi huuzwa zikiwa zimefunguliwa kutoka kwenye pakiti na kumwagwa kwenye mabakuli, bila namba wala jina la mtengenezaji. Mnunuzi hajui anachonunua, na akiridhika hajui atakachokiomba tena. Duka litakaloacha ndoano kwenye pakiti zake, likabandika namba, unene na mtengenezaji, na likaruhusu jaribio la koleo, litauza kwa bei ya juu kidogo na kurudiwa na wateja walewale. Uaminifu wa namna hiyo ni mtaji ambao mshindani wa barabara ya pili hawezi kuuiga kwa siku moja.

Serikali nayo ina la kusahihisha. Operesheni nyingi, ikiwamo ile ya mwaka 2018 iliyojulikana kama Operesheni Sangara, zimegusa sana wavuvi na zana zilizokwisha kutumika. Mvuvi anaponyang'anywa zana hubaki na deni. Muuzaji wa jumla aliyeiingiza zana ileile hubaki na faida na shehena nyingine bandarini. Ni rahisi na nafuu zaidi kukagua maduka na waagizaji wachache kuliko kufukuza mitumbwi maelfu usiku. Ndoano ndogo isiyotakiwa ziwani haifai kuruhusiwa kufika kaunta. Na vipimo vya ubora kwa ndoano zinazoingizwa, kama vilivyo kwa nondo na nyaya za umeme, vingemlinda mvuvi asiye na namna ya kujua kama chuma anachouziwa kilichomwa sawasawa.

Viwanda kadhaa vya minofu vimewahi kusimama au kupunguza wafanyakazi kwa kukosa samaki. Lawama zimeelekezwa kwa makokoro, kwa sumu na kwa hali ya hewa, na zote zina ukweli. Lakini ndoano, kwa udogo wake, imeachwa nje ya hesabu wakati ni mojawapo ya zana kuu zinazoleta sangara nchi kavu. Mvuvi atakapoingia dukani safari ijayo, kabla ya kuuliza shilingi ngapi, aulize namba ngapi, chuma gani, na kama anaruhusiwa kuijaribu. Maswali hayo hayana gharama yoyote, na jibu lake ataliona mwaloni, juu ya mizani.